Mtu kaibiwa, kapigwa, na kituoni hataki kukanyaga: polisi na watu wa LGBTQ hapa Pwani

#1 MsindikizajiWaTudor (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Waliokuja kutukana wapite tu, wenye hoja wakae.

Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea hapa Mombasa. Uwakili sijausomea. Kazi yangu ni kutembea na watu mpaka kituo cha polisi: mama aliyepigwa na mumewe, kibarua aliyenyimwa mshahara, kijana aliyekamatwa na hajui kosa lake. Kati ya hao wamo mashoga, wasagaji na watu waliobadili jinsia, na leo nawazungumzia hawa.

Nianze na usiku mmoja. Saa tano nikapigiwa simu na kijana ninayemfahamu. Alikuwa amealikwa chumba cha kupanga na mtu waliyejuana kwenye programu ya simu. Kufika, akakuta wanaume watatu. Wakamvua nguo, wakampiga picha, wakamtwanga mpaka akataja namba ya siri ya M-Pesa. Wakatoa kila kitu, mpaka hela ya kodi. Kisha mmoja akamfungulia mlango na kumwambia, "Haya, nenda kituoni. Waeleze ulikuja kufanya nini hapa."

Silaha yao ilikuwa sentensi hiyo. Kisu hawakukihitaji.

Nilimkuta kwenye benchi la wanabodaboda, mdomo wa juu umepasuka, damu imekauka kwenye kola ya shati lake la kazi. Nikamwambia twende tukaripoti. Akasema, "Kaka, tukienda, atakayelala ndani ni mimi." Tulibishana pale mpaka saa saba usiku ndipo akakubali.

Askari wa zamu alitupokea vizuri, na hilo lazima niliseme. Akafungua kitabu cha OB, kile cha kuandikia matukio yanayoripotiwa, akaandika tarehe, saa, jina. Kisha akainua macho na kuuliza: "Na wewe usiku wote ule ulikwenda kufanya nini chumbani kwa mwanamume?" Kalamu ikabaki hewani. Kijana akanitazama, akainuka, akatoka nje. Ule mstari kwenye OB ukabaki nusu.

Hakutukanwa, hakuitishwa kitu kidogo, hakushikwa hata bega. Lilikuwa swali moja tu, nalo lilitosha kumgeuza mlalamikaji akawa mshukiwa. Ndiyo maana semina za hotelini, zile za fulana na picha ya pamoja, hazinishawishi peke yake. Imani kati ya polisi na watu hawa hujengwa au huvunjwa pale kwenye dawati la ripoti, katika dakika tano za kwanza.

Kuhusu sheria, najua mtaniuliza. Kenya bado ina kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, chenye kifungo cha hadi miaka 14, na cha 165, chenye hadi miaka 5. Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Lakini visomeni vizuri: vinahusu kitendo, na kitendo lazima kithibitishwe. Hakuna kifungu kinachosema mtu akiwa shoga ni mhalifu, na hakuna kinachosema akiibiwa asisikilizwe. Katiba ya 2010 kwa upande wake, ibara ya 28, inasema kila mtu ana heshima ya kiutu na ana haki heshima hiyo ilindwe. Na ibara ya 244, inayoeleza malengo ya Huduma ya Taifa ya Polisi, inataka askari wafunzwe kuheshimu haki za binadamu, na pia inawataka polisi wakuze uhusiano na jamii kwa jumla. Jamii kwa jumla ni pamoja na yule kijana wa shati lenye damu.

Sasa niwarudishe Ukunda, maana hofu ya watu haikuanguka kutoka mbinguni. Februari 2015 wanaume wawili walikamatwa kule kwa kushukiwa ushoga. Wakapelekwa hospitali kubwa ya Mombasa, wakapimwa njia ya haja kubwa kwa nguvu, wakapimwa na virusi vya UKIMWI, eti kutafuta ushahidi. Mahakama Kuu ya Mombasa mwaka 2016 ikasema hakuna ubaya. Wakakata rufaa, na tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufani, ikiketi hapa hapa Mombasa, ikasema vipimo vile vilikiuka Katiba. Chama cha Madaktari cha Kenya nacho kilikuwa kimeshavilaani mwaka 2017, maana kitabibu havithibitishi lolote.

Miaka mitatu ikapita kati ya kipimo na hukumu hiyo. Katika miaka hiyo kila shoga wa Pwani alijifunza kwamba ukiingia kituoni unaweza kutokea hospitalini umelazwa kifudifudi. Hukumu imetoka, lakini nani amewaambia? Askari wengi ninaokutana nao hawajaisikia. Na hao waliokuwa wakiogopa ndio kabisa hawana habari.

Ninachoomba kwenye uzi huu ni mawazo. Askari afanye nini, na sisi wa upande huu tufanye nini, ili mtu aliyedhulumiwa aweze kuingia kituoni na kutoka na namba ya OB?

#2 Kuku_wa_Kilifi

Mleta uzi, nimevaa sare miaka 27, sasa nimestaafu, niko Kilifi na kuku wangu. Nitasema ninachokijua.

Swali lile la "ulikwenda kufanya nini" askari huliuliza kwa mazoea. Tumefunzwa kuuliza mlalamikaji alikuwa wapi na kwa nini, hata aliyeibiwa baa anaulizwa. Simtetei. Nasema tu kwamba wengi hawajui kwamba swali hilo kwa mtu huyo lina makali tofauti. Suluhisho lake ni mpangilio wa maswali: kwanza kimetokea nini, umeumia wapi, kimechukuliwa nini, unawajua waliofanya. Andika hayo, mpe namba. Mengine ni ya mpelelezi, mchana, chumba cha faragha. Na kisheria halina utata: mtu akiripoti kwamba ameporwa, maelezo yake ni ushahidi wa uporaji. Askari anayeyageuza yawe kesi ya 162 hana ushahidi wa kitendo chochote, na kiongozi wa mashtaka makini atalirudisha faili.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi ambalo raia hawalioni, nalo ni kundi la watu.

Mnaikumbuka Mtwapa, Februari 2010? Ulivuma uvumi kwamba kuna harusi ya wanaume. Watu wakafurika nje ya kituo cha afya cha KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, mahali ambapo watu walikwenda kupata huduma za virusi vya UKIMWI. Polisi wakawatoa watu wale mikononi mwa kundi. Hapo waliokoa maisha, na hilo lihesabiwe. Lakini baada ya hapo waliookolewa wakashikiliwa kama wakosaji, kisha wakaachiliwa bila mashtaka.

Nawaeleza inavyokuwa. Watu mia mbili wamekuletea mtu, nyinyi zamu mko watatu au wanne. Njia ya haraka ya kulituliza kundi ni kumtia seli yule aliyeletwa. Likiona mlango wa seli umefungwa, linaondoka. Sasa umemwokoa, lakini OB inataka sababu ya kumweka ndani. Kukicha, mkubwa anauliza, huyu kafanya nini? Hapo ndipo kosa hutafutwa. Nimeliona zaidi ya mara moja, na mara moja nililifanya mimi mwenyewe. Yule kijana alilala ndani siku mbili kwa kosa la kupigwa. Katiba inasema saa 24. Nilijua.

Kama mkuu wa kituo angeagiza kwamba mtu aliyeokolewa aandikwe mlalamikaji, akae chumba cha nyuma mpaka kundi liishe, kisha apelekwe kwa jamaa au hospitali, na wawili watatu waliompiga ndio waandikwe washukiwa, mambo mengi yangebadilika bila hata semina.

#3 Mzee_wa_Kibokoni

Assalaam alaykum. Mimi ni Muislamu, ni babu wa wajukuu tisa, na jambo hilo dini yangu hailiruhusu. Msitarajie nibadilike kwa sababu ya uzi.

Hata hivyo dhuluma ni dhuluma. Nina nyumba ya vyumba vya kupangisha. Mwaka juzi wapangaji wangu wawili waliporwa na genge, mmoja akachomwa kisu cha paja. Walipokamatwa ikajulikana kwamba walikuwa na kazi hiyo muda mrefu, na walianza na hao vijana mnaowazungumzia kwa sababu walijua hawataripoti. Wakazoea, wakakua, wakageukia watu wote. Nilijiuliza sana: kama wa kwanza angesikilizwa, mpangaji wangu angechomwa?

Kwa hiyo mimi nasema mwizi akamatwe. Aliyeibiwa hesabu yake na Mola wake ni yake, askari hakutumwa kuisimamia.

#4 MsindikizajiWaTudor

Waalaykum salaam mzee, na shikamoo. Hayo uliyoyasema yana uzito kuliko yangu yote, kwa sababu hunikubalii mengi na bado umefika pale pale.

Afande wa Kilifi, ahsante kwa kusema ukweli wa yule kijana wa siku mbili. Hilo la kuandikwa mlalamikaji nalichukua kama lilivyo, nitalipeleka.

#5 Wambui_K

Naandika kutoka Nairobi, Kiswahili changu si cha Pwani, mtanisamehe.

Mmezungumza wanaume tu. Sisi wanawake tunaopenda wanawake hofu yetu ina sura nyingine. Rafiki yangu alibakwa na jirani aliyesema anamrekebisha. Alikaa siku mbili ndani ya nyumba akihesabu masaa, kwa sababu dawa za kuzuia virusi lazima zianzwe kabla ya saa 72, na hospitali tuliyokwenda walituambia tupitie kwanza polisi. Kisheria si sharti, matibabu huja kwanza, lakini wakati ule hatukujua.

Tulipofika kituoni dawati la mbele lilikuwa limejaa watu. Askari mwanamke wa dawati la jinsia, lile la kesi za ukatili wa kijinsia, alitoka, akamtazama rafiki yangu usoni, akasema "njoo mamangu", akatuingiza chumba kidogo chenye faili mpaka dirishani na kufunga mlango. Hakuuliza anapenda nani. Aliuliza kama ameoga na kama nguo za siku ile zipo. Akazitia kwenye bahasha ya khaki, akatuambia kwamba mfuko wa plastiki huharibu ushahidi. Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha, akatupa bila senti, akasema hiyo ni bure na mtu yeyote asituitishe.

Yule mama alipata uhamisho mwaka uliofuata. Tulipoenda kufuatilia tukakuta mwingine, ambaye mbele ya foleni nzima alisoma faili kwa sauti. Rafiki yangu hakurudi tena, na kesi ikafa.

Kwa hiyo swali langu ni hili: imani ikiwa juu ya mtu mmoja mwema, akihamishwa inahamia wapi?

Na niongeze, mauaji yanatutisha zaidi kwa sababu tunajiuliza kama kuna atakayejali. Sheila Lumumba aliuawa Karatina Aprili 2022, na ilibidi watu wapige kelele mitandaoni. Edwin Chiloba, mwili wake ulikutwa ndani ya sanduku la chuma karibu na Eldoret Januari 2023. Safari hiyo mshukiwa alikamatwa ndani ya siku chache, kesi ikaendeshwa mpaka mwisho, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ya Eldoret ikatoa kifungo cha miaka 50. Nililia siku ile. Nilikuwa sijawahi kuona faili la mtu kama sisi likifika ukurasa wa mwisho.

#6 Kuku_wa_Kilifi

Dada, umegusa penyewe. Uhamisho ndio unaoua kila kitu. Shirika hufunza askari ishirini, mwakani nusu yao wako Garissa na Busia, mnaanza upya.

Lakini kituo kina makabidhiano. Mkuu wa kituo anapoondoka anamkabidhi mwenzake silaha, seli, mahabusu, faili zilizo wazi. Yakiandikwa mle kwamba kuna makubaliano na kikundi fulani, msaidizi wa kisheria ni fulani, walalamikaji wao wanapokelewa hivi, mkuu mpya atakuta jambo liko kwenye karatasi. Askari anaheshimu karatasi. Maneno ya mdomo yanaondoka na mwenyewe.

#7 Mswahili_Ughaibuni

Niko London, mzaliwa wa Tanga. Msidhani huku kwenye sheria nzuri imani ilikuja yenyewe.

Eneo la Barking, kati ya Juni 2014 na Septemba 2015, vijana wanne waliuawa na mtu mmoja, Stephen Port, aliyekuwa akiwavuta kwa programu za simu na kuwazidishia dawa za kulevya. Miili miwili ilikutwa makaburini pa kanisa lile lile, katika wiki tatu, na mama yule yule aliyekuwa akitembeza mbwa wake. Polisi bado hawakuunganisha. Kando ya mwili mmoja kulikuwa na barua ya kujiua, wakaiamini. Aliyeiandika ni muuaji.

Waliofanya muuaji akamatwe ni dada wa marehemu wa nne, waliokataa kunyamaza mpaka picha za kamera za stesheni zikatolewa hadharani. Desemba 2021 baraza la uchunguzi wa vifo likasema makosa ya polisi pengine yalichangia vifo vitatu vya mwisho. Marafiki wa marehemu walikuwa wamewaambia polisi mapema, hawakusikilizwa.

Kwa hiyo sheria ikifutwa kesho huko Kenya, dawati la ripoti bado litabaki na kazi yake.

#8 Mdau_Changamwe

Mleta uzi, nakuheshimu, lakini unawabebesha polisi peke yao. Hao jamaa zako nao wanawaona askari wote ni mbwa. Askari akija kwenye mkutano wao hawaji. Imani ni ya pande mbili.

#9 MsindikizajiWaTudor

Mdau, ni kweli, sitakuficha. Nimeshaitisha kikao na mkuu wa kituo akaja yeye na askari wawili, upande wetu tukawa watatu, wengine wote walizima simu. Yule afande alikaa nusu saa akinywa soda, akaondoka. Niliona aibu.

Lakini pande mbili hizi hazina uzito sawa. Mmoja ana pingu na funguo za seli. Mwenye funguo ndiye atangulie, na akitangulia mara tatu nne bila kumgeuka mtu, mwingine atamfuata. Askari anayemkuta kijana na kondomu na vilainishi mfukoni akazifanya ushahidi, kisha kesho kutwa anakuja kikaoni, unategemea akute viti vimejaa?

Tunachoweza sisi ni hiki. Kwanza, tusiripoti kwa kunong'ona kisha tukaondoka. Ukianza jambo, lifuate mpaka upewe jina la mpelelezi. Nimepoteza kesi nyingi kwa sababu mlalamikaji alibadilisha namba ya simu. Pili, askari akitenda vibaya, kuna IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Malalamiko hayalipiwi. Yaandikwe: tarehe, saa, kituo, namba ya sare kama umeiona. Lawama za jumla kwamba "polisi ni wabaya" hazimfikishi mtu popote, na zinawaumiza hata wale kama mama wa bahasha ya khaki.

Tatu, mahakama zimeshawahi kusikiliza. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamuru mtu aliyebadili jinsia, ambaye polisi wa Thika walimvua nguo mbele ya watu, alipwe fidia ya shilingi 200,000. Hela si nyingi kwa aibu ile. Lakini hukumu ipo, ina namba, na naitembeza kwenye mkoba wangu pamoja na ile ya Mombasa ya 2018. Nikikaa na mkuu wa kituo natoa nakala mbili, namwachia. Wawili wameniambia ndiyo mara ya kwanza kuzisoma. Mmoja alizibandika ofisini nyuma ya mlango.

#10 Mzee_wa_Kibokoni

Mwanangu, na yule kijana wa mdomo uliopasuka, iliishia vipi? Umetuacha njiani.

#11 MsindikizajiWaTudor

Mzee, nilikuwa nasubiri ruhusa yake ndipo niseme.

Alikaa miezi miwili. Wale watu walikuwa wakimtumia ujumbe kila mwisho wa mwezi, tuma elfu tatu, la sivyo picha zinakwenda kwa mama yako. Alituma mara mbili. Mara ya tatu alinipigia.

Safari hii sikwenda usiku, wala sikwenda dawatini moja kwa moja. Nilimwona kwanza mkuu wa kituo, nikamweleza kwamba kuna kesi ya uporaji na ya kudai pesa kwa vitisho, mlalamikaji anaogopa, naomba apokewe na askari mmoja chumbani. Nilikuwa nimeshampa zile nakala mwezi uliopita. Akanisikiliza, akaita askari mwanamke, akamwambia, "Andika walichomfanyia. Hicho tu."

Ilichukua saa moja na nusu. Yule askari alinakili namba za simu zilizopokea pesa, akapiga picha ujumbe wote, akamwambia asifute hata mmoja na asitume tena hata shilingi. Kijana alitetemeka magoti mwanzo mpaka mwisho. Picha bado wanazo, na hilo linamnyima usingizi, sitawadanganya. Mshukiwa mmoja ameshaitwa kuandika maelezo, wawili bado wanatafutwa.

Tulipotoka, alikuwa ameshika kikaratasi chenye namba ya OB. Alisimama kwenye ngazi za kituo, akaisoma kwa sauti ndogo, akavua kava la simu na kukiweka kile kikaratasi ndani.

Nitarudi hapa kesi ikitajwa.